Hewa Iliyotoka Katika Chokaa

Kabla ya saruji kuingia katika miji yetu ya pwani kwa magunia, nyumba za mawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa ilichomwa nje ya mji, upande ambao upepo haupeleki moshi majumbani. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuliona tanuri la namna hiyo, na ingawa miaka mingi imepita, sura yake haijanitoka machoni: magogo ya minazi na ya miembe yamepangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, hata yamekipita kimo cha mtu, katikati pameachwa tundu la kutilia moto, na juu yake yamerundikwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa kwa nyundo. Moto ulitiwa baada ya magharibi ukawaka usiku kucha na kutwa iliyofuata, na ulipozimika mawe yalikuwa yameshuka chini pamoja na majivu, meupe pepe, na mepesi, mepesi kwa namna iliyonishangaza nilipoliokota moja lililopoa nikaliweka kiganjani. Mzee mwashi aliyekuwa akisimamia kazi alininyang'anya upesi, kwa kuwa chokaa ambayo haijatiwa maji huunguza mkono wenye jasho. Akaliweka juu ya kigae akalinyunyizia maji ya kata, nalo likachemka lenyewe pasipo moto, likatoa mvuke, likapasuka, likawa unga. Nikamwuliza, "Babu, uzito wake umekwenda wapi?" Akanijibu, "Moto umeula, mjukuu wangu."

Jawabu hilo lilinitosha, kama lilivyowatosha walimwengu tangu zama za kale. Waliojenga Husuni Kubwa ya Kilwa katika karne ya 14, na waashi wa Lamu, Pate na Unguja waliowafuata, walichoma matumbawe kwa maelfu ya frasila, na chokaa yao ikafanya kazi vyema bila ya mtu kuuliza kwa nini frasila 100 za jiwe safi zikitoka tanurini hubaki 56 tu. Frasila 44 zilizopotea hazikuliwa na moto. Zilipanda angani katika umbo la hewa isiyo na rangi wala harufu, ile ambayo leo twaiita hewa ukaa, na habari ninayotaka kuisimulia ni ya watu walioulizwa swali lile lile na mawe yao wenyewe, wasiridhike na jawabu la mzee wangu, wakashika mizani.

Wa kwanza aliyeinusa njia, ingawa hakufika mwisho wake, alikuwa tabibu wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, aliyechoma ratili 62 za makaa ya mwaloni akabakiwa na ratili 1 ya majivu. Ratili 61 zilizosalia, alisema, zimegeuka kuwa pepo wa mwitu asiyekubali kufungiwa chomboni, na ndiye huyo huyo atokaye katika zabibu zinapochachuka. Ili kumpa jina pepo huyo alibuni neno ambalo sisi leo twalitamka gesi, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya machafuko yaliyokuwapo kabla ulimwengu haujapangwa. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1648, miaka minne baada ya kufa kwake.

Aliyelifumbua fumbo lenyewe alikuwa kijana wa Kiskoti, Joseph Black, na sababu iliyomwingiza katika kazi hiyo yafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa haikuwa na uhusiano wowote na anga wala majira. Katika siku hizo watu wakubwa wa Uingereza waliteseka mno kwa maradhi ya vijiwe vya kibofu, na Bunge lao lilikuwa limemlipa bibi mmoja, Joanna Stephens, pauni 5,000 mwaka 1739 ili aitangaze siri ya dawa yake. Siri ilipofunuliwa ikaonekana kuwa ni maganda ya mayai na konokono waliochomwa, pamoja na sabuni na mitishamba. Yaani, kwa maneno mengine, chokaa. Basi maprofesa wawili wa Edinburgh, Robert Whytt na Charles Alston, wakagombana vikali juu ya chokaa iliyo bora kwa kuyeyusha vijiwe, ya makombe ya baharini au ya mawe ya nchi kavu, na Black, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo hicho hicho, akaona si busara kujitia kati ya mafahali wawili. Akachagua kuchunguza madini mengine meupe, ya magnesia, ambayo hayakuwa na mgomvi. Yalipochomwa yalipungua uzito. Ndipo akarudi kwenye chokaa akiwa na swali ambalo hapana aliyekuwa amelishika kwa ukamilifu kabla yake, na akaandika tasnifu yake mwaka 1754, akaipanua na kuichapisha mwaka 1756.

Alichokifanya kilikuwa chepesi kukieleza na kigumu kukitenda. Alipima chaki ya uzito wa chembe 120 kwa kipimo cha waganga, akaichoma mpaka ikawa chokaa kali, akapima tena: chembe 68. Kisha akaichukua chokaa hiyo, akaitilia maji yenye magadi, akaikamua, akaikausha, akaiweka mizanini mara ya tatu, na mbele ya macho yake chaki ilikuwa imerejea, chembe 118. Kitu kilitoka, na kitu kile kile kikarudi, kikitolewa na magadi. Hakikuwa maji, hakikuwa moto. Ilikuwa hewa, nayo ilikuwa imekaa imefungwa ndani ya jiwe, ndipo akaiita hewa iliyofungwa. Yataka mtu afikiri jinsi wazo hilo lilivyokuwa geni: kwamba jiwe gumu, la kujengea nguzo za msikiti, karibu nusu ya uzito wake ni hewa. Black akaendelea kuonyesha kwamba hewa hiyo huzima mshumaa na kumuua mnyama, na kwamba ndiyo hiyo hiyo atoayo mwanadamu anapopumua, kwa kuwa aliipuliza pumzi yake katika maji maangavu ya chokaa nayo yakatibuka, yakawa meupe kama tui.

Waliomfuata walikwenda mbio. Joseph Priestley, aliyekuwa jirani wa kiwanda cha bia mjini Leeds, aliikusanya hewa hiyo juu ya mapipa, akaichanganya na maji, akaandika mwaka 1772 namna ya kutengeneza maji yenye povu, na soda zote tuzinywazo arusini ni uzao wa maji yale; Lavoisier wa Paris akabainisha kwamba hewa hiyo ni kaboni iliyoungana na oksijeni, kabla ya kukatwa kichwa katika mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1794.

Napenda nisimame hapa kidogo, maana wako watu wa lugha yetu walioijua hewa hii bila ya mizani wala tasnifu. Kandokando ya Goma, chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo, hewa ukaa hupenya katika nyufa za ardhi ikatuama mabondeni na mashimoni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, na mbuzi akishuka kula majani hapandi tena, wala mtoto aliyemfuata. Waswahili wa Kivu wameipa jina, mazuku, na jina hilo limechukuliwa na wataalamu wa volkeno wa dunia nzima, wakaliandika katika vitabu vyao kama lilivyo. Ziwa Kivu lenyewe limehifadhi chini ya maji yake hewa hiyo kadiri ya kilomita za ujazo 300, pamoja na methani ambayo hutolewa upande wa Rwanda kuzalisha umeme. Ziwa dogo zaidi, Nyos la Kameruni, liliitapika hewa yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ikashuka mabondeni kimya kimya, na watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya ng'ombe wakafa, wengi wao wakiwa wamelala.

Lakini balaa hiyo ni ya hewa ukaa iliyokusanyika mahali pamoja. Ile iliyosambaa angani ni haba mno, na hapana aliyedhani kuwa yaweza kutenda neno, hata mwaka 1856, mwanamke wa Kimarekani aliyeitwa Eunice Foote alipochukua mabomba mawili ya kioo, kila moja lenye urefu wa inchi 30 na upana wa inchi 4, akatia vipimajoto ndani yake, akalijaza moja hewa ya kawaida na la pili hewa ukaa, akayaweka juani. Bomba la hewa ukaa lilipata moto kuliko yote aliyoyajaribu, na lilipoondolewa juani likakawia sana kupoa. Bibi huyo, ambaye miaka minane kabla yake alikuwa ametia saini tangazo la haki za wanawake huko Seneca Falls, akaandika kwa uwazi kwamba, kama katika zama fulani anga la dunia lilikuwa na hewa hiyo kwa wingi zaidi, basi joto la dunia lilikuwa kubwa zaidi. Makala yake ilisomwa mwezi wa Agosti katika mkutano wa wanasayansi mjini Albany, lakini aliyeisoma hakuwa yeye. Alikuwa Profesa Joseph Henry. Ikachapishwa, ikasahauliwa. Hadi mwaka 2011, mtafiti mmoja alipoikuta katika majuzuu ya zamani na kuitangaza, historia zote za ilmu hii zilianzia kwa mwanamume aliyemfuata kwa miaka mitatu, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo shuleni na nikafundisha hivyo wengine, jambo ninalolijutia.

Mwanamume huyo, John Tyndall, mwenyeji wa Carlow nchini Ireland, alistahili sifa zake hata hivyo, kwa sababu alilifanya ambalo mabomba ya Bibi Foote hayakuweza. Joto la jua lijalo na joto ambalo ardhi hulirudisha angani usiku ni vitu viwili tafauti. La pili halionekani kwa macho na halipenyi katika kioo, na Mfaransa Joseph Fourier alikuwa ameandika tangu mwaka 1824 kwamba huenda anga lalizuia lisitoroke, ila hakuwa na ala za kulithibitisha. Tyndall, katika maabara ya Taasisi ya Kifalme mjini London mwaka 1859, alitengeneza bomba refu la shaba lenye vifuniko vya chumvi ya mawe, ambayo hulipitisha joto hilo, akaweka upande mmoja chombo cha maji yanayochemka na upande wa pili ala ya umeme yenye kuhisi joto kwa wepesi wa ajabu. Oksijeni na nitrojeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tuivutayo, zililiacha joto lipite kana kwamba bomba ni tupu. Mvuke wa maji na hewa ukaa, vilivyo haba, vililikamata. Ikawa imethibiti kwamba uhai wa viumbe wote, ambao pasipo kinga hiyo wangeganda kwa baridi, umetegemea kile kilicho kidogo mno katika anga.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya hesabu tupu. Mkesha wa Krismasi mwaka 1894, Msweden Svante Arrhenius, ambaye ndoa yake ilikuwa ikivunjika, aliketi mezani akaanza kukokotoa joto la dunia lingekuwaje lau hewa ukaa ingezidi au ingepungua, kanda baada ya kanda, msimu baada ya msimu, kwa kalamu ya risasi. Kazi hiyo ilimchukua karibu mwaka mzima. Mwaka 1896 akatoa jawabu lake: hewa ukaa ikiwa maradufu, joto litapanda digrii 5 au 6, na wataalamu wa leo, pamoja na mitambo yao yote, hukadiria kama digrii 3, basi ajabu si kwamba alikosea bali ni kwamba alikaribia hivyo. Mwenzake Arvid Högbom alikuwa amehesabu kwamba makaa ya mawe yanayochomwa viwandani hutoa hewa ukaa kiasi kinachoweza kulinganishwa na kile cha maumbile yenyewe. Arrhenius akaona itachukua maelfu ya miaka kufika maradufu, na kwa kuwa aliishi katika nchi ya theluji, aliliona jambo hilo kuwa la heri kwa vizazi vijavyo. Simlaumu. Hakujua makaa mangapi yangechimbwa, wala petroli.

Baada yake ilmu hii ililala. Wakubwa wa fani walishika kwamba hewa ukaa iliyopo yatosha kulikamata joto lote, na kwamba ikizidi haitazidisha kitu, na kwamba kwa vyovyote bahari itaimeza ziada. Aliyeuvunja usingizi huo, mwaka 1938, hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa bali mhandisi wa mvuke, Guy Callendar, ambaye nje ya saa za kazi alikusanya vipimo vya joto kutoka vituo 147 vya dunia, akawasomea mabingwa wa London kwamba dunia imekwisha kuanza kupata joto na kwamba moto wa viwanda una hissa katika hilo. Walimsikiliza kwa heshima na wasimsadiki. Kisha katika miaka ya 1950 ukapatikana ushahidi ambao kwangu mimi ni burhani iliyo safi kuliko zote: Hans Suess aligundua kwamba kaboni iliyomo katika miti ya karne ya 20 ina upungufu wa ile kaboni yenye mionzi ambayo hufifia kwa nusu kila miaka 5,730. Makaa ya mawe, yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka, hayana hata chembe yake. Kwa hiyo mti ulikuwa umekula moshi wa makaa, ukauandika ndani ya mbao zake. Na mwaka 1957 yeye na Roger Revelle wakaonyesha kwamba bahari haimezi kwa wepesi uliodhaniwa.

Lililosalia lilikuwa ni kupima, na wa kupima alikuwa Charles David Keeling, mzaliwa wa Pennsylvania, mtu ambaye subira yake yafaa kuwekwa katika mizani moja na ya Black. Akiwa kijana huko California alilala porini kando ya mto Big Sur, akaamka kila baada ya saa chache usiku na mchana kufungua chupa ya kioo na kuijaza hewa, na akaona kwamba usiku miti ikipumua hewa ukaa huzidi, bali alasiri hewa ikichanganyika vyema hurudi kwenye kipimo kimoja popote aendapo, sehemu 310 hivi katika kila sehemu milioni. Hapo ndipo alipofahamu kwamba anga lina namba yake. Mwezi wa Machi 1958 chombo chake kikafungwa juu ya mlima Mauna Loa wa Hawaii, karibu mita 3,400 juu ya bahari, mbali na mashamba na mabomba ya moshi, na kipimo cha kwanza kilikuwa 313. Mwezi wa Aprili kikapanda, Mei kikapanda, kisha kikaanza kushuka hata akadhani chombo kimeharibika. Hakikuharibika. Misitu ya kaskazini ilikuwa imechipua ikiivuta hewa ukaa, na majani yalipopukutika na kuoza ikarudi tena. Dunia nzima ilikuwa ikivuta pumzi mara moja kwa mwaka, na mtu mmoja alikuwa akiisikiliza. Lakini kila mwaka pumzi ile iliishia juu kidogo ya pale ilipoishia mwaka uliotangulia. Fedha zilipokatwa mwaka 1964 vipimo vya mlimani vilisimama kwa muda, naye akahangaika kwa maombi na kwa ugomvi mpaka vikaendelea, na alipofariki mwaka 2005 kazi ikashikwa na mwanawe Ralph. Mwezi wa Mei 2013 kipimo cha siku kiligusa 400. Leo kimepita 420, hali kabla ya viwanda kilikuwa 280. Na viputo vya hewa ya kale vilivyochimbuliwa katika barafu ya Antaktika vyatuambia kwamba kwa miaka 800,000 hakikuwahi kupita 300 na ushei.

Nikisoma namba hizo fikira zangu hurudi kwenye tanuri. Chokaa ya waashi wetu ilikuwa na adabu moja: ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ukaa iliyoipoteza, siku kwa siku, mpaka inarudi kuwa jiwe, na kuta za Kilwa zimekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni hilo, ingawa si deni la kuni zilizochomwa. Saruji, ambayo kwetu huchomwa kwa matumbawe ya kale yayo hayo huko Wazo Hill na Bamburi, hulipa kidogo na polepole, na kwa dunia nzima inakadiriwa kutoa kiasi cha sehemu 8 katika kila 100 za hewa ukaa itokayo mikononi mwa watu. Makaa na petroli havilipi kitu. Robo ya hewa hiyo huingia baharini, na hapo huyatia maji uchachu, na uchachu huyadhoofisha matumbawe ambayo joto nalo limekwisha kuyadhuru. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipozidi joto, tuliyaona matumbawe ya Kenya, Tanzania na Shelisheli yakipauka na kufa eneo hata eneo.

Juzi nilichukua chokaa ya tambuu kiasi cha kijiko, nikaikoroga katika bilauri ya maji, nikaiacha ituame usiku kucha, asubuhi nikayamimina maji yaliyokuwa yamebaki maangavu katika bilauri ya pili. Nikamwita mjukuu wangu, nikampa mrija, nikamwambia apulize taratibu. Maji yakatibuka, kama yalivyotibuka ya Black. Ukungu mweupe ukajaa bilauri, nikamweleza kwamba ule ni unga wa jiwe, jiwe lile lile la matumbawe, na kwamba amelifanya kwa pumzi yake. Akafurahi mno. Kwa furaha hiyo hakuacha kupuliza nilipomwambia basi, akaendelea, mashavu yamemjaa, na baada ya dakika kadhaa, pumzi ilipozidi kiasi, weupe ukaanza kuyeyuka, ukafifia, maji yakawa maangavu tena. Akautoa mrija kinywani akachungulia ndani ya bilauri, kisha akaniinulia macho.

"Babu, jiwe limekwenda wapi?"